Wakulima Gani? Mhadhara kuhusu neno "the" na nomino za wingi



Nilianza kufundisha Kiingereza wilayani Muleba nikiwa kijana. Katika kijiji nilikopanga chumba, mimi ndiye niliyeitwa kila ilipofika barua ya Kiingereza. Siku moja ikaja barua kutoka kwa wafadhili wa mradi wa kahawa. Sentensi iliyobeba ujumbe wote ilikuwa fupi: "The farmers will receive their seedlings on Saturday." Nyuma ya barua ilibanwa karatasi yenye majina 34. Nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji, nikasoma, nikatafsiri: "Wakulima watapokea miche yao Jumamosi." Nikakunja barua, nikaketi. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu sentensi yangu ilieleweka vizuri mno.

Jumamosi ile walikuja watu wa vitongoji vyote. Walikuja na matenga, na baiskeli, kina mama wengine na watoto mgongoni, kila mmoja akiwa ameshachimba mashimo nyumbani. Gari likafika na miche ya watu 34. Bwana aliyekuja nayo akaanza kuita majina, na kadiri alivyoita ndivyo uwanja ulivyozidi kunyamaza. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa heshima kubwa pale kijijini, hakuitwa. Alinisogelea, wala hakupandisha sauti. "Waitu mwalimu," akasema, "wewe ulisoma kwamba wakulima watapata miche. Mimi, kama si mkulima, ni nani?" Kibanja chake kilikuwa hapo hapo ng'ambo ya barabara, tunakiona sote wawili.

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikaifungua tena barua, nikatafuta kosa langu. "Farmers" ni wakulima. "Seedlings" ni miche. "Saturday" ni Jumamosi. Kila neno lilikuwa na mwenzake isipokuwa moja, lile dogo la mwanzo, ambalo nililipita kama mtu anavyopita kijiwe njiani. Ningefundishwa mapema kile lile neno linachofanya likikaa mbele ya nomino ya wingi, watu wale wasingeacha kazi zao za Jumamosi. Ndiyo maana nimekubali kuja kuzungumza leo juu ya jambo ambalo vitabu vya shule hulipa nusu ukurasa.

Tuanze na tunachowaambia watoto sisi walimu. Tunawaandikia ubaoni kwamba "a" ni kwa kitu kisichojulikana na "the" ni kwa kitu kinachojulikana. Kwa umoja kanuni hii inatembea. "A farmer" ni mkulima fulani tu, "the farmer" ni yule mkulima. Yako maneno mawili yanayopingana, na mtoto analiona pambano kwa macho. Lakini tukivuka kwenda kwenye wingi, "a" haivuki pamoja nasi. Inabaki "farmers" peke yake upande mmoja, na "the farmers" upande wa pili. Mtoto anaona upande mmoja una neno na mwingine hauna kitu, basi anahitimisha kwamba pasipo na kitu hapana maana. Hapo ndipo tunapompoteza. Ile nafasi tupu nayo inasema, tena inasema mambo mawili tofauti. Inaweza kusema "baadhi, sitaji wangapi", kama katika "Farmers came to my house": walikuja wakulima nyumbani kwangu. Au inaweza kusema "wakulima kama aina ya watu, popote walipo", kama katika "Farmers wake up early". Nitaiita hali hiyo wingi mtupu.

Ukiweka "the", unazungushia uzio. Ndani ya uzio wamo watu au vitu ambavyo msemaji anaamini kwamba msikilizaji naye anavijua, na nje wamebaki wengine wote. Barua yangu ilikuwa na uzio, na majina 34 ya karatasi iliyobanwa nyuma ndiyo yaliyokuwa miti yake. Mimi niling'oa uzio nikiwa mbele ya mkutano wa kijiji kizima, bila kujua kwamba nimeng'oa.

Sasa, kwa nini sisi wa huku Bukoba na Muleba tunalikosea neno hili kwa namna yetu? Ninyi mnaosahihisha insha mtakuwa mmeliona. Yuko mtoto asiyeandika "the" hata mara moja, na yuko anayeiweka kila mahali: "The dogs are the faithful animals", "The teachers are the important people". Wa kwanza anaongozwa na Kiswahili. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, mara nyingi anaongozwa na Kihaya cha bibi yake.

Kihaya kina irabu inayotangulia nomino. Omuntu, abantu, ekitabo, ebitabo, omuti, emiti, enkoko, ensenene. Kiswahili kiliiacha irabu hiyo, kikabaki na mtu, watu, kitabu, vitabu. Wataalamu wa mwanzo wa Kizungu waliochunguza lugha za Kibantu walipoiona irabu hii mbele ya nomino, wengine wao waliifananisha na vibainishi vya lugha zao. Wazo hilo limebaki vichwani mwa watu. Nimewahi kumsikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwa nia njema kabisa kwamba "abantu" ni "the people". Jamani, si hivyo. Ukisema "abantu baija", unaweza kuwa unaongelea watu ambao mimi na wewe tulikuwa tunawangoja tangu asubuhi, na unaweza kuwa unaongelea watu ambao hatujawahi kuwaona. Irabu ipo pale pale. Kisha angalia inapodondoka. Tunasema "buli muntu", kila mtu, na "o" ya omuntu haisikiki. Tunasema "enju", lakini ukiingia ndani unasema "omu nju", na ile "e" imekwenda. Je, nyumba imeacha kujulikana kwa sababu umeingia ndani yake? Ni nyumba ile ile, pengine ndiyo uliyozaliwa humo. Irabu ya Kihaya inafuata maneno yaliyo jirani yake katika sentensi. "The" ya Kiingereza inafuata kilichomo vichwani mwa watu wawili wanaozungumza. Hayo ni mambo mawili, na mtoto wa Ihangiro au wa Kiziba ana haki ya kuambiwa hivyo mapema, kabla hajaanza kutia "the" kila palipo na irabu kwa bibi yake.

Watakaotaka kulichimba zaidi suala la irabu hii wana mahali pa kuanzia. Mwaka 1977 Ernest Rugwa Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walihariri mkusanyo mzima wa makala juu ya sarufi ya Kihaya huko Chuo Kikuu cha Southern California, na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametuachia Kamusi ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili. Lugha yetu imeandikwa. Sioni kwa nini mwalimu wa Kiingereza wa Bukoba asiifahamu sarufi ya lugha ambayo nusu ya darasa lake linaota nayo usiku.

Kiswahili je? Hakina neno la "the", lakini msiseme kwamba hakina uzio. Nitawapeleka jikoni. Mama ameacha ndizi mbivu kwenye sinia, amekwenda kisimani. Amerudi. Akiuliza, "Nani amekula ndizi?" labda ameona ganda sakafuni, au amesikia harufu mdomoni mwa mtoto. Lakini akiuliza, "Nani amezila ndizi?" watoto wote wanajua kwamba ni zile, za sinia lile, na wanajua jambo la pili pia, kwamba sinia ni tupu. Silabi moja, "zi", imefanya kazi yote. Kiingereza kingesema "Who ate bananas?" na "Who ate the bananas?" Tazameni vizuri swali la pili. Wingi wenye "the" haukuishia kuonyesha ndizi zipi. Umezichukua zote zilizomo ndani ya uzio. Kama zimebaki tatu, mtoto mjanja ana haki ya kujibu, "Hazijaliwa zote, mama, nyingine zipo." Hili la "zote" halimo katika vitabu vingi vya shule, na mimi naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika umoja huwezi kuliona, kwa kuwa kitu kimoja tayari ni chote. Linajitokeza kwenye wingi peke yake.

Nitahadharishe mapema, asije mtu akaondoka hapa na kanuni nyepesi. Kiambishi hicho cha yambwa kinatusaidia zaidi kwa vitu: "nimesoma vitabu" na "nimevisoma vitabu". Kwa watu hakitegemewi. Tunasema "nimewaona watu" hata kama watu wenyewe hatuwajui, kwa kuwa Kiswahili hupenda kumtaja kiumbe mwenye uhai ndani ya kitenzi. Kwa watu tunategemea zaidi "wale", hasa inapotangulia nomino. Ukisema "watu wale" unaweza kuwa unanyoosha kidole. Ukisema "wale watu" huhitaji kidole, kwa maana tulishawaongelea jana. Na si ajabu: "the" yenyewe ilianza hivyo. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa kionyeshi, ndugu wa "yule" na "wale", ikachakaa kwa kutumika mpaka ikabaki sauti ndogo isiyo na mkazo.

Kiarabu nacho kilituletea "al" yake, na sisi tuliipokea bila kuifungua: Alhamisi, alasiri, alfajiri. Kila siku tunatamka kibainishi cha watu wengine tukidhani ni silabi ya kwanza ya neno letu.

Nirudi Muleba, maana wilaya hii ina mfano mzuri kuliko yoyote niliyoikuta kitabuni. Kila mtoto hapa anajua sentensi "Mosquitoes spread malaria". Ni wingi mtupu, na sentensi ni ya kweli. Lakini fikirini ni mbu wangapi hasa wanaoeneza malaria. Dume haumi. Katika majike ni wa jenasi ya Anopheles tu, na hata hao ni wale tu waliokwisha kupata vimelea. Walio wengi kabisa hawajamwambukiza mtu yeyote, na bado hakuna anayesema sentensi ile ni uongo. Wingi mtupu, ukitaja aina, hauvunjwi na wachache walio tofauti, na wakati mwingine hauvunjwi hata na wengi. Unasema jambo linalofungamana na aina yenyewe, kama tunavyosema Wahaya hula ndizi, ingawa nina shangazi asiyezipenda kabisa.

Basi, watafiti walifanya Muleba jaribio kubwa la vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo PBO, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet. Sababu ya jaribio ilikuwa kwamba mbu wa hapa walikuwa wamekuwa sugu kwa dawa ya kawaida ya vyandarua, ile jamii ya pairethroidi. Vyandarua vipya vilipunguza malaria kwa watoto kuliko vile vya kawaida. Sasa jaribuni kuiandika sababu hiyo kwa Kiingereza. Ukiandika "Mosquitoes are resistant to pyrethroids", umesema kwamba usugu ni tabia ya mbu kama mbu, wa dunia nzima, na maana yake chandarua cha kawaida hakifai popote. Ukiandika "The mosquitoes are resistant", na aya ya juu imeitaja Muleba, umewazungushia uzio mbu wa Muleba, na umesema hali yao ni hiyo kwa jumla. Sentensi ya kwanza ingemfanya mtu wa nchi nyingine atupe chandarua chake. Ya pili inamwambia daktari wa Rubya anunue kipi. Neno lililotofautisha lina herufi tatu.

Kuna mahali ambapo wingi mtupu umewaumiza watu wa mkoa huu kwa miaka mingi, nami nataka tukae hapo kidogo. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kwa maandishi kanuni za mila za urithi. Kanuni ya 20, katika Kiingereza chake, inaanza na neno "Women". Haina "the", haina "some", haina "all". Inasema wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo waweza kuitumia lakini si kuiuza. Katika mazungumzo ya kawaida, sentensi ya namna hiyo huacha mlango wazi: wanawake kwa kawaida wako hivi, lakini fulani ni tofauti. Sheria haisomi hivyo. Sheria ikikuta wingi mtupu, huufanya kuwa "kila". Ukishawekwa kwenye kitabu cha sheria, wingi mtupu hupoteza ule upole wake wa kuvumilia walio tofauti, na kila mwanamke mmoja mmoja, awe amelima kibanja kile miaka mingi, awe ameachiwa kwa wosia, anaingizwa humo.

Mwanamke mmoja wa Muleba aliachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, akaiuza. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo wilayani humo, likapanda, na mwaka 1990 likamfikia Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na jaji akaamua kwamba kanuni ile inabagua, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza ardhi hiyo. Hakushughulika na sarufi, na wala hakuhitaji. Lakini mimi mwalimu wa lugha nikiisoma hukumu ile naona mtu mmoja aliyesimama mbele ya neno "Women" na kukataa kumezwa nalo. Tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wako watu ambao kazi yao ni kuhamisha sheria zetu kutoka Kiingereza. Nawaombea subira mbele ya kila nomino ya wingi. Wakikuta "the owners" wakaandika "wamiliki", au wakikuta "owners" wakaandika "wamiliki hao", kuna mtu kijijini atakayelipa tofauti hiyo kwa shamba.

Dunia imewahi kugombana kwa sababu hii hii. Tarehe 22 Novemba 1967, baada ya vita vya Juni kati ya Israel na majirani zake, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 242. Maandishi ya Kiingereza yanataka majeshi ya Israel yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Hakuna "the" mbele ya "territories". Maandishi ya Kifaransa yanasema "des territoires occupés", na "des" hiyo imemeza kibainishi ndani yake. Upande mmoja ukasema: Kiingereza kiliacha "the" kwa makusudi, hivyo si lazima kuondoka katika maeneo yote. Upande wa pili ukasema: Kifaransa kinasema maeneo hayo, yote, na tena utangulizi wa azimio lenyewe unakataza kutwaa ardhi kwa vita. Zaidi ya nusu karne imepita na hoja hizo bado zinaandikiwa vitabu.

Watu wa Kagera hamhitaji kuelezwa uzito wa hoja hizo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia upande wa kaskazini wa mto, daraja la Kyaka likabomolewa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Fikirini kama wakati ule dunia ingeandika kwamba aondoke "from villages", bila "the". Watu wa Missenyi wangeuliza swali lile lile aliloniuliza yule mzee: vijiji gani? Cha kwetu kimo?

Nimesema uzio unaonyesha nani yumo. Lakini uzio una jambo jingine ambalo nililielewa nikiwa nimeshazeeka: unaonyesha pia msemaji amesimama wapi. Mwanaisimu Mmarekani, Eric Acton, alichapisha mwaka 2019 katika jarida la Language utafiti uliochunguza, miongoni mwa mengine, kumbukumbu za mijadala ya Baraza la Wawakilishi la Marekani. Alihesabu lini wabunge husema "Democrats" na lini husema "the Democrats", na vivyo hivyo kwa "Republicans". Akakuta kwamba "the" huongezeka mbunge anapokitaja chama cha upande wa pili, na hupungua anapokitaja chake. Anayesema "the Democrats" anawaona kama kundi moja lililosimama kule, na yeye akiwa huku anawatazama.

Niliposoma hilo nilikumbuka maneno ninayoyasikia kila nikisafiri. Mtu akisema "Wahaya wanapenda kusoma", ninaweza kukubali au kukataa, na tukaendelea na safari. Akisema "hawa Wahaya wanapenda kujisikia", najua kabla hajamaliza kwamba yeye si Mhaya na kwamba hajui nimetoka wapi. Kiswahili kinafanya kwa "hawa" na "hao" kile Kiingereza kinachofanya kwa "the". "Walimu wamechoka" anaweza kusema mwalimu. "Hao walimu wamechoka" hasemi mwalimu. Na vitabu vya wakati wa ukoloni vilivyotuandika "the Haya" vilitutazama hivyo hivyo, mwili mmoja, unaotazamwa na mtu aliye nje.

Ziko hali ambapo msemaji hujiweka mwenyewe ndani ya uzio, nazo ni nzito. Katiba yetu ya mwaka 1977 inaanza kwa kusema kwamba sisi wananchi wa Jamhuri ya Muungano ndio tulioamua, na tafsiri yake ya Kiingereza inaandika "we, the people". Bila "we" mbele yake, "the people" wangekuwa watu wanaosimuliwa. Kiswahili hakikuhitaji neno la ziada, "sisi" ilitosha.

Majina ya mahali niyapitie haraka, kwa sababu yana kanuni nyepesi na wanafunzi huipenda. Jina la umoja mara nyingi halichukui "the": Lake Victoria, Mount Kilimanjaro. Jina la wingi huichukua karibu kila mara: the Great Lakes, the Usambara Mountains, the Comoros, the Seychelles. Lakini mtu aliyesimama ufukweni Muleba akasema tu "the islands" hana haja ya kutaja jina lolote. Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe vinaingia uzioni vyenyewe, kwa kuwa msikilizaji wake anaishi hapo.

Mtaniuliza nifundisheje basi. Mimi niliacha zamani kuwaambia watoto "kinachojulikana". Ninawapa sentensi ya wingi na kuwataka waulize maswali mawili, kwa sauti, kwa Kiswahili: "Wepi hao?" na "Wote?" Kama mimi na wewe tunaweza kujibu la kwanza bila kuulizana, na la pili linajibiwa ndiyo, weka "the". "Senene come in November": wepi hao? Hakuna wepi, ni senene kama senene, wanaotujia kila mwaka mvua zikinyesha. Acha wazi. "The senene are finished": wepi hao? Wa kwenye mkebe, aliotuletea shangazi. Wote? Wote. Weka "the". Darasa linacheka, lakini hawasahau. Nimeona watoto wa kidato cha kwanza wakirudi kwenye insha zao na kalamu nyekundu wakijisahihisha wenyewe, wakinong'ona "wepi hao, wote?" midomo ikicheza.

Sijamaliza habari ya yule mzee. Baada ya Jumamosi ile aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kurudisha kwa wafadhili, kwa Kiingereza, kwa niaba ya kijiji. Alinieleza vizuri nini cha kusema: kwamba wakulima wa hapa wanahitaji miche zaidi. Nilikuwa na haya kwa yaliyotokea, nikataka barua iwe nzuri. Nikaiandika usiku kwa taa ya chemli, nikaisoma mara tatu, nikaona neno la mwanzo linaipa sentensi heshima: "The farmers need more seedlings." Mzee akatia sahihi yake chini, pole pole, herufi moja moja. Wafadhili walijibu kwa wema na kwa haraka. Miche ya pili ilipofika, ilikuja na karatasi ya majina, na yalikuwa yale yale 34.